Ukitaka kuendesha kambi ya macho ya bure, panga kuanzia mwisho

Watu wanaonitafuta kuniuliza namna ya kuandaa kambi ya macho huwa tayari wana daktari, wana tarehe, na mara nyingine wana fulana zilizokwisha kuchapishwa. Swali langu la kwanza kwao ni hili: mkishaondoka, nani atamwona mgonjwa wiki ya nne? Mimi ni muuguzi wa macho na kuratibu kambi ndiyo kazi yangu. Upasuaji wa mtoto wa jicho (ukungu unaotanda kwenye lenzi ya ndani ya jicho), mikononi mwa daktari mzoefu, humalizika ndani ya dakika chache. Kupona kwa jicho huchukua wiki kadhaa, na shida nyingi hujitokeza wakati gari lenu limeshaondoka. Ndiyo maana nawashauri waanze kupanga na mwisho, halafu warudi nyuma hadi siku ya matangazo.

Mwenyeji kwanza, tarehe baadaye

Nenda ukaongee na hospitali au kituo cha afya kilicho karibu na watu unaotaka kuwahudumia. Unatafuta mtu mmoja wa pale, muuguzi au tabibu, atakayebaki na wagonjwa wako. Kubalianeni mambo matatu kwa maandishi: atawaona siku gani, atabaki na dawa zipi, na jicho likiingia usaha atampeleka mgonjwa wapi na kwa gari la nani. Mwachie namba ya simu ya daktari mpasuaji mwenyewe, na daktari aahidi kuipokea hata usiku. Mlipe mtu huyu posho yake kama unavyolipa mafuta ya gari, kwa sababu anabeba nusu ya kazi.

Usipompata mtu wa namna hiyo, usipasue mtu yeyote kijijini. Fanya uchunguzi, toa miwani, kisha wasafirishe wanaohitaji upasuaji hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji na wodi. Hata ukimpata, bado mimi ningechagua njia hii. Ndivyo wanavyofanya Aravind, hospitali za macho za kusini mwa India, zilizoanzishwa na Dk. Govindappa Venkataswamy mjini Madurai mwaka 1976 zikiwa na vitanda 11 tu: timu inakwenda vijijini kuchunguza, na wenye mtoto wa jicho wanachukuliwa kwa basi hadi hospitali, wanapasuliwa, wanalishwa na kurudishwa. Wagonjwa wanaolipa ndio wanaowabeba wasioweza kulipa. Mpango huo umedumu miongo kadhaa bila kutegemea fadhila ya mfadhili mmoja, na anayetaka kufanya kazi hii kwa muda mrefu ausome vizuri.

Vibali sitavirefusha. Pata barua ya mamlaka ya afya ya eneo husika, hakikisha kila daktari ana leseni halali ya kufanya kazi mahali pale, na viongozi wa kijiji wapewe taarifa mapema. Bila hayo msiendelee.

Bure maana yake nini

Mgonjwa asiyeona hasafiri peke yake. Anasafiri na mtoto au mjukuu, na mtu huyo anaacha shamba, kibarua au shule. Kwa hiyo mkisema huduma ni bure huku mmemwachia nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha siku mbili au tatu, na mtu wa kumwangalizia mifugo nyumbani, mtaona waliobaki nyumbani ni wale wale maskini kabisa mliokusudia kuwafikia. Weka kwenye bajeti nauli ya mgonjwa na msindikizaji, chakula chao, mahali pa kulala, dawa zote za baada ya upasuaji, miwani ya baada ya upasuaji, na nauli ya kurudi kuonwa tena. Fedha ikiwa haitoshi, punguza idadi ya wagonjwa. Usipunguze vitu hivyo.

Mfadhili anapenda kusikia idadi kubwa. Mweleze mapema kwamba macho mia moja yaliyofuatiliwa hadi mwisho yana thamani kuliko mia tatu yaliyoachwa njiani, na mwonyeshe mchanganuo wa gharama. Wengi wanaelewa wakielezwa kwa utulivu.

Kuwatafuta wasiokuja

Tangazo la redio au la spika juu ya gari huwaleta wanaoona vya kutosha kutembea wenyewe. Kipofu wa macho yote mawili yuko chumba cha ndani. Wa kumjua ni mhudumu wa afya ya jamii, kwa hiyo wakusanye wahudumu hao wiki tatu au nne kabla, uwafundishe nusu siku tu: kumwomba mtu ahesabu vidole kwa umbali wa mita tatu, jicho moja moja, kumulika mboni kwa tochi na kuangalia kama ni nyeusi au ina weupe, kuandika jina, nyumba na simu ya mwanafamilia. Wapite nyumba kwa nyumba.

Waambie waulizie hasa wanawake wazee. Zaidi ya nusu ya watu wenye upofu na uoni hafifu duniani ni wanawake, lakini mahali pengi wanaume ndio hufika kwanza kwenye huduma, kwa kuwa wao ndio wenye nauli mfukoni na sauti ya kuamua nani asafiri. Siku ya kupita nyumba kwa nyumba, swali "kuna mtu haoni humu?" halitoshi. Uliza "bibi yuko wapi?", kisha omba kumsalimia.

Na atakayekataa, msikilize. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni "mwanangu, nimeshazeeka, ya nini kunisumbua." Nyuma ya jibu hilo huwa kuna hofu ya kung'olewa jicho, au ya kuwa mzigo wa gharama kwa watoto. Usimhubirie. Mlete jirani aliyepasuliwa zamani akae naye waongee, nawe utoke nje. Kama hakuna jirani kama huyo, chukua wachache wenye ujasiri kwanza, na ujirani wao utafanya kazi hiyo kambi ijayo.

Siku ya uchunguzi

Hapa ndipo kambi nyingi zinapokuwa na fujo, na fujo ikizidi wagonjwa hatari hupotea kwenye foleni. Panga vituo vifuatane upande mmoja: usajili, kupima uoni, tochi na uchunguzi, presha ya jicho, miwani, dawa, na mwisho meza ya ushauri. Kila mgonjwa ashike karatasi yake mwenyewe tangu mwanzo. Weka viti na kivuli. Wazee, wajawazito na wenye maumivu makali wapite mbele, na mtu mmoja azunguke kwenye foleni kazi yake ikiwa hiyo tu, kuwatafuta.

Kupima uoni, tumia chati ya herufi E inayoelekea pande nne, ili asiyejua kusoma aonyeshe kwa mkono tu. Pima umbali kwa kamba, uweke alama sakafuni. Chati ya mita 6 haisomwi kwa mita 4. Jicho moja moja, lingine likifunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza, maana jicho lililobonyezwa huona ukungu likifunuliwa. Anayeshindwa mstari wa 6/12, yaani ule ambao mwenye uoni wa kawaida angeusoma akiwa mita 12 wakati yeye yuko mita 6, mpe kadi yenye tundu dogo kama la pini aangalie tena kupitia hapo. Akiona vizuri zaidi, tatizo lake kwa kawaida ni la miwani. Asipoona tofauti, tafuta ugonjwa ndani ya jicho. Kipande hicho cha kadi kinaokoa saa nyingi za daktari, na nashangaa ni kambi ngapi zinakuja bila nacho.

Kisha tochi. Weupe ndani ya mboni huashiria mtoto wa jicho. Weupe juu ya kioo cha jicho, lile tabaka angavu la mbele, ni kovu, na weupe huo hautatoka kwa upasuaji wa mtoto wa jicho hata kidogo. Wahudumu wapya huchanganya mambo haya mawili, kwa hiyo wafundishe kumulika kwa pembeni. Angalia kope: zikiwa zimegeukia ndani na zinakwaruza jicho, hiyo ni trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza) iliyokomaa, na kope zinahitaji kurekebishwa kwa upasuaji mdogo kabla kioo hakijaharibika. Mkikuta trakoma kwa watoto wengi wa eneo moja, toeni taarifa kwa mamlaka ya afya. Tiba yake ni ya jamii nzima: upasuaji wa kope, dawa ya azithromycin, kunawa uso, maji na vyoo.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote kwenye kituo hiki: kabla ya kumwandika mtu kwa upasuaji, hakikisha jicho linaona mwanga, na linajua mwanga unatoka upande gani. Mulika kutoka kulia, kushoto, juu na chini, aonyeshe kwa kidole. Mtoto wa jicho peke yake, hata uwe mweupe namna gani, hauzuii jicho kutambua mwanga. Jicho lisilotambua mwanga kabisa limeharibika nyuma, aghalabu kwa presha ya jicho au ugonjwa wa mshipa wa fahamu, na kulipasua ni kumpa mtu matumaini ya uongo na maumivu juu yake.

Pima presha ya jicho kwa kila mtu mwenye miaka 40 na zaidi. Ugonjwa wa presha ya jicho (glakoma) hauumi katika hali yake ya kawaida, unakula uoni kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Utakayemkuta nao atahitaji dawa ya matone maisha yake yote au upasuaji. Chupa moja ya bure kutoka kambini haimsaidii chochote ikiisha mwezi ujao bila pa kupata nyingine. Mwunganishe na kliniki siku hiyo hiyo, akiwa na tarehe mkononi, na uwaite ndugu zake wa damu wapimwe, kwa kuwa unafuata ukoo. Wenye kisukari nao waangaliwe pazia la nyuma ya jicho na waambiwe warudi kila mwaka. Ukitumia matone ya kupanua mboni, mgonjwa aondoke na mtu wa kumshika mkono, kwani ukungu wake hudumu saa kadhaa.

Watoto

Mtoto mwenye weupe kwenye mboni hangoji kambi ijayo. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani ya jicho, na yote mawili yana haraka. Piga simu hospitali ya rufaa ukiwa pale pale, mpangie usafiri, na baada ya siku chache piga tena kuuliza kama alifika. Mtoto wa jicho wa utotoni unahitaji usingizi kamili na timu yenye uzoefu wa watoto, kwa hiyo haupasuliwi kambini. Mwenye makengeza naye apelekwe mapema: jicho lisilotumika katika miaka ya mwanzo, ubongo hujifunza kulipuuza, na mtu mzima hawezi kurudishiwa alichokikosa utotoni kwa urahisi.

Miwani

Wengi watakaokuja kwenye kambi yako hawahitaji kupasuliwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2019 ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingezuilika au bado halijashughulikiwa. Kundi kubwa zaidi katika hiyo bilioni ni la wasioona karibu baada ya kufika umri wa miaka arobaini na kitu. Dawa yao ni miwani ya kusomea, na miwani hii usiidharau kwa kuwa ni rahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa wachumaji wa chai wa Assam, India, ulionyesha waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wasiopewa. Fundi nguo, mchambua mchele, mwenye simu ya kupokelea fedha, wote wanaitumia.

Beba namba kuanzia +1.00 hadi +3.50, kwa wingi zaidi zile za katikati. Usigawe kwa kuangalia umri peke yake. Mpe mtu kitu cha kazi yake, uzi na sindano au mbegu ndogo, akishike kwa umbali anaofanyia kazi, kisha ujaribu namba mbili tatu mpaka aseme hii. Anayehitaji miwani ya mbali apimwe na mtaalamu, miwani itengenezwe, na iletwe kwake. Hapo ndipo watu wengi huachwa wakisubiri, kwa hiyo mteue mtu wa kuifikisha kabla hujapima hata mmoja.

Utaletewa pia maboksi ya miwani iliyokwisha kutumika, kwa nia njema. Kataa kwa adabu. IAPB, muungano wa kimataifa wa mashirika ya kuzuia upofu, unashauri programu zisiitumie: mingi imekwaruzika au ina namba zisizomfaa mtu mwingine, na kuipima na kuipanga hugharimu kuliko kununua mipya ya kusomea. Mwombe mtoaji fedha badala yake.

Upasuaji

Sehemu ya daktari namwachia daktari, lakini mratibu ana mambo ya kudai. Dai kila jicho lipimwe urefu na mkunjo wa kioo chake ili lenzi ya bandia inayowekwa ndani iwe na namba ya jicho hilo. Kuwawekea wote lenzi ya namba moja kwa sababu ndiyo iliyopatikana kwa wingi kunamwacha mtu na ukungu ambao ungeepukika. Lenzi si ghali kama zamani, tangu viwanda kama Aurolab cha Aravind, kilichoanza mwaka 1992, na kile cha Tilganga mjini Kathmandu alikofanyia kazi Dk. Sanduk Ruit, vilipoanza kuzitengeneza kwa bei ambayo huduma za bure zinaimudu.

Dai povidone iodine ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu, iingizwe jichoni kabla ya kila upasuaji. Dai vifaa vilivyotakaswa kwa kila mgonjwa, seti mpya kwa mtu mpya, na kama seti ziko kumi na mashine ya kutakasia ni moja, idadi ya wagonjwa kwa siku ifuate mashine, isifuate foleni. Maambukizi yakiingia kupitia maji au dawa moja iliyochafuka, yanaweza kupofusha watu wengi kwa siku moja, na kijiji hicho hakitamwamini mtu wa macho kwa kizazi kizima.

Pasueni jicho moja, lile bovu zaidi, na la pili lingoje la kwanza lipone. Weka alama ya kalamu juu ya paji, upande wa jicho husika, mgonjwa akiwa macho na akitaja mwenyewe ni lipi. Shinikizo la damu na sukari vipimwe asubuhi ile. Ridhaa ielezwe kwa lugha anayoongea nyumbani, mwanafamilia akiwepo.

Matone, na maneno ya kumwambia msindikizaji

Kesho yake bandeji inafunguliwa na uoni unapimwa na kuandikwa. Ni siku ya furaha, kila mtu anataka picha, na ndiyo siku ambayo maelezo hayasikiki. Ninachofanya ni kumtoa msindikizaji pembeni, kabla ya bandeji kufunguliwa, na kumpa chupa mkononi. Namwambia: "Nionyeshe utakavyomtia mama." Ananawa mikono, anavuta kope ya chini, anadondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, mama anafumba taratibu. Tunarudia hadi afanye bila kuelekezwa. Kumweleza tu kwa mdomo hakutoshi.

Kisha namwambia mambo ya kurudia kwa sauti yake. Matone ni mara ngapi kwa siku, hadi tarehe gani. Asisugue jicho, usiku alale na ngao ya kukinga jicho. Maji machafu, vumbi na mizigo mizito vingoje. Dawa za majani, maziwa, asali au mate visiingie jichoni. Na jicho likianza kuuma, likiwa jekundu zaidi au uoni ukishuka, waje siku hiyo hiyo kwa mwenyeji wetu, usiku au mchana, wasingoje tarehe ya kliniki. Hiyo ya mwisho naandika nyuma ya kadi pamoja na namba ya simu, kwa herufi kubwa.

Matone mengi ya baada ya upasuaji yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani yake. Waonye wasiyatunze kwa ajili ya jicho jekundu la mjukuu. Kwenye kidonda cha kioo cha jicho, steroidi ikitumika bila daktari inaweza kulimaliza jicho.

Wiki ya kwanza, kisha wiki ya nne hadi ya sita, mgonjwa aonwe tena. Ziara hii ya mwisho ndiyo niliyoiulizia mwanzoni: hapo anapimwa uoni, anapewa miwani kama inahitajika, na anaambiwa kwamba miezi au miaka baadaye ukungu unaweza kurudi nyuma ya lenzi, kwamba haina maana upasuaji uliharibika, na kwamba unaondolewa kwa mwanga wa leza hospitalini. Asiyekuja apigiwe simu, na asiyepatikana kwa simu afuatwe na mhudumu wa afya nyumbani kwake.

Andika matokeo ya kila jicho, yakiwemo mabaya. Kigezo ambacho WHO ilikitumia kwa miaka mingi ni kwamba macho yasiyopungua asilimia 80 yafikie 6/18 au zaidi kwa miwani aliyonayo mgonjwa, na yaliyo chini ya 6/60 yasizidi asilimia 5. Kambi yako ikishindwa kufika hapo, kaa na daktari mtafute sababu kabla ya kutangaza nyingine: je, ni vipimo vya lenzi, ni uchaguzi wa wagonjwa, au ni miwani iliyokosekana baadaye? Mpe mwenyeji nakala ya takwimu hizo, na orodha mbili: ya wale ambao jicho la pili linangoja, na ya wale tuliowaambia kwamba hatuwezi kuwarudishia uoni. Orodha hii ya pili nayo ina kazi yake. Waunganishwe na huduma za watu wenye ulemavu, wafundishwe kutembea kwa fimbo nyeupe, watoto wao wasaidiwe kubaki shule badala ya kuwaongoza mkono kutwa nzima. Tarehe ya kurudi kwa ajili ya orodha ya kwanza iwekwe kabla timu haijapakia vifaa.